Naona kidole changu kupitia katikati ya jiwe: nichague umbo gani la kito?

Swali: "Assalamu alaykum. Naishi Kisauni na natafuta jiwe la pete ya uchumba. Sonara mmoja mjini amenionyesha almasi mbili za nusu karati (karati ni kipimo cha uzito wa vito), moja ya duara na nyingine ndefu yenye ncha mbili. Ile ndefu naiona kubwa zaidi na bei yake iko chini, sasa naogopa isije ikawa na kasoro. Akanionyesha na ya tatu, akasema ni mkato wa zumaridi, ilhali jiwe lenyewe ni jeupe. Pia kuna dalali aliyeniletea tsavoraiti, kito cha kijani, kutoka Taita Taveta, umbo la yai, milimita 8 kwa 6, kina 3.2, karati 1.13. Chini ya taa za duka iliwaka vizuri, lakini nilipoiweka juu ya kidole niliona ngozi yangu kupitia katikati. Mchumba wangu ni muuguzi, anavaa glavu kutwa, na anapenda maumbo marefu. Umbo lipi ndilo bora? Na hiyo tsavoraiti, fundi anaweza kuikata upya?"

Jibu:

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kile kipimo ulichofanya kwa kidole chako kimekueleza mengi kuliko taa zote za duka lile. Nitakirudia kwa kirefu, ila kwanza tuondoe utata wa majina.

Watu wengi, wauzaji wakiwemo, huchanganya umbo na mkato. Umbo ni mchoro wa nje wa jiwe ukilitazama kutoka juu: duara, yai, mraba, tone, moyo. Mkato ni jinsi zile nyuso ndogo bapa zilivyopangwa, zimelala kwa mwinamo gani, na kama upande huu unalingana na ule. Mawe mawili yanaweza kuwa na umbo lilelile la yai, moja likawaka na jingine likapoa kama kipande cha chupa. Kwa hiyo ukiniuliza umbo lipi bora, nitakwambia ni lile analolipenda mchumba wako. Ukiniuliza mkato upi bora, hapo pana hesabu.

Huo mkato wa zumaridi si zumaridi, na sonara hakukudanganya. Ni mstatili uliopunguzwa kona zake nne, wenye nyuso ndefu zinazoshuka sambamba kama vidato vya ngazi. Zumaridi ni jiwe la kijani lenye nyufa nyingi za ndani na humeguka upesi, hivyo mafundi walizipunguza kona ili zisivunjike, na jina likabaki hapo. Siku hizi mkato huo hufanyiwa almasi, tanzanaiti na vito vingine vingi. Jua tu kwamba jiwe la ngazi halimetimeti. Hutoa miali mipana inayopishana na vivuli, na kwa kuwa meza yake, yaani bapa la juu, ni pana na wazi, doa lolote la ndani huonekana. Almasi ya duara inaweza kumeza doa dogo katikati ya mimeto yake. Ya ngazi itakuonyesha doa hilo kila siku. Ukiipenda, toa pesa kwenye usafi wa jiwe kabla ya kuzitoa kwenye ukubwa.

Sasa lishike jiwe ulitazame ubavuni. Bapa kubwa la juu ni meza. Sehemu inayoshuka kuizunguka meza ni taji. Ukingo mwembamba, pale jiwe lilipo pana kabisa, ni mshipi, na hapo ndipo vikucha vya pete hushika. Sehemu yote inayochongoka chini ya mshipi ni kitako. Mnunuzi hutazama meza, lakini kinachoamua kama jiwe litawaka ni kitako.

Ukizamia baharini ukafumbua macho na kutazama juu wima, unaiona anga. Ukitazama kwa mshazari, anga inapotea na uso wa maji unakuwa kama kioo cha fedha. Ndani ya kito ni vivyo hivyo. Mwanga ukiugonga uso wa ndani karibu na wima, hupenya ukatoka nje. Ukiugonga kwa mshazari wa kutosha, hurudishwa wote. Mpaka kati ya kupenya na kurudi hutofautiana kwa kila jiwe. Tukipima kutoka kwenye mstari wa wima wa uso wenyewe, almasi mpaka wake ni nyuzi 24 na kidogo, rubi, lile jiwe jekundu, kama 34.6, tsavoraiti kama 35, na ametisti, jiwe la zambarau, pamoja na kwazi zote za jamii yake kama 40. Namba ikiwa ndogo, jiwe hubakisha mwanga kwa wepesi. Ndiyo sababu almasi iliyokatwa kwa haraka bado inaweza kumeta kiasi, ilhali ametisti iliyokosewa nyuzi chache tu hufa kabisa. Na ndiyo sababu fundi hawezi kuchukua vipimo vya almasi akavitumia kwa kila jiwe.

Turudi kwenye kidole chako. Mwanga unaoingia wima kupitia meza huugonga uso wa kitako kwa pembe iliyo sawa na mwinamo wa kitako chenyewe. Kitako cha tsavoraiti kikiinama nyuzi 41, pembe hiyo inapita mpaka wa 35, kwa hiyo mwanga unarushwa upande wa pili, unarushwa tena, na kupanda hadi kwenye jicho lako. Kikiinama nyuzi 30, mwanga unatokea chini, na jicho lako nalo linapita njia hiyohiyo hadi kwenye ngozi. Hilo mafundi huliita dirisha.

Vipimo ulivyonipa vinatosha kulithibitisha hata bila kuliona jiwe. Gawanya kina kwa upana: 3.2 kwa 6 ni asilimia 53. Ukitoa taji, ambalo kwa kawaida huchukua kama asilimia 15 ya upana, na mshipi kama 3, kitako chako kimebakiwa na asilimia 35, yaani milimita 2.1. Kwa upande mfupi wa yai huo ni mwinamo wa nyuzi 35, palepale mpakani. Kwa upande mrefu, kina kilekile kimetandazwa kwenye nusu ya urefu ya milimita 4, na mwinamo unashuka hadi nyuzi 28 hivi. Hapo mwanga haubaki. Yai la tsavoraiti linalojiweza linataka kina cha asilimia 62 ya upana au zaidi kidogo.

Si kila dirisha ni uzembe, niliseme hilo kwa haki ya mafundi. Jiwe ghafi likitoka ardhini likiwa bapa, fundi huchagua kati ya kito kipana chenye dirisha na kito kidogo kinachowaka, na kwa kuwa vito huuzwa kwa karati, wengi huchagua upana na uzito. Jiwe lenye rangi nzito mno nalo hukatwa kina kifupi makusudi ili lisionekane jeusi. Lakini wewe unanunua jiwe la kutazamwa mkononi kwa miaka mingi, na sababu za mkataji hazilirudishii mwanga wake.

Je, likatwe upya? Inawezekana, na fundi mzuri ataondoa dirisha lote. Gharama yake ndiyo ya kupigia hesabu. Kina hakiwezi kuongezwa, kwa hiyo upana ndio utakaopunguzwa mpaka ulingane nacho. Ukiwa na milimita 3.2, ambazo zitapungua kidogo katika kung'arisha, utapata yai la kama 6.8 kwa 5.1. Uzito wa yai unaukadiria hivi: chukua wastani wa urefu na upana, uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa kina, zidisha kwa 3.61 ambao ndio uzito wa tsavoraiti ukilinganishwa na maji, kisha kwa 0.002. Jiwe lako la sasa linatoa 1.13, sawasawa na alivyosema dalali, na hiyo ni dalili njema, maana kioo cha kawaida cha ukubwa huo kingekuwa chini ya karati 0.8 hivi. Ni dalili tu, usiifanye cheti. Baada ya kukatwa upya utabaki na karati 0.8 hivi. Karibu asilimia 30 ya ulichokilipia itageuka vumbi kwenye sahani ya kunolea, na jiwe litakuwa limeshuka chini ya karati moja, pale ambapo bei ya kila karati nayo hushuka. Ongeza malipo ya fundi, na hatari ya jiwe kupasuka endapo lina ufa ndani. Kwa hiyo usilinunue kwa bei ya karati 1.13 ukitumaini kulitengeneza. Kama dalali atakubali kuuza kwa bei ya jiwe la 0.8, na apunguze humo malipo ya fundi, hapo mnaweza kuzungumza.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na ni la hila zaidi kwa sababu halina dirisha. Ni kitako kilichofura, kinachotoka nje kama tumbo chini ya mshipi. Jiwe linakuwa zito kwenye mizani na dogo kwa juu, na katikati linaingia giza. Unalipia karati zilizojificha ndani ya dhahabu. Lichunguze ubavuni: mistari ya kitako inapaswa kushuka karibu na kunyooka.

Kuhusu almasi mbili za nusu karati, bei ya chini ya ile yenye ncha mbili si lazima iwe kasoro. Duara ndilo umbo linalotakiwa na wengi, na kulikata hupoteza sehemu kubwa ya jiwe ghafi, mara nyingi nusu au zaidi. Umbo la ncha mbili, ambalo hapa kwetu ningeliita la dau kwa sababu ndivyo lilivyo ukilitazama kutoka juu, hutumia mawe marefu ambayo duara lingeyamaliza. Hilo la kuonekana kubwa ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Almasi ya duara ya nusu karati ina kipenyo cha kama milimita 5.1, ya umbo la dau ni kama 8 kwa 4. Ukipima eneo la uso, la dau linazidi kwa asilimia 9 hivi. Kinachobaki ni urefu, ambao hulipendeza jicho na hukifanya kidole kionekane chembamba.

Duara lina faida moja ambayo maumbo mengine hayana: hesabu yake imefanywa zamani na inajulikana. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mhandisi wa ukoo wa wakata almasi, alichapisha vipimo vya duara lenye nyuso 57, au 58 ukihesabu ile ndogo ya ncha ya chini: meza asilimia 53 ya kipenyo, taji nyuzi 34.5, kitako nyuzi 40.75. Vipimo vya leo vimesogea kidogo, lakini kina cha kati ya asilimia 59 na 62.5 bado ni dalili nzuri. Maabara ya GIA ya Marekani kwa miaka mingi imetoa daraja la mkato kwa almasi ya duara peke yake. Kwa yai, tone au dau, cheti mara nyingi kitakupa rangi, usafi na vipimo, na kazi ya kuuamua mkato inabaki kwa macho yako.

Na katika maumbo marefu macho yatafute kitu kimoja hasa: kivuli cha kipepeo. Ni giza linalokatiza katikati ya jiwe kwa upana wake, mabawa mawili yakikutana. Linatokea kwa sababu mwinamo wa kitako haulingani kati ya upande mfupi na mrefu, kama tulivyoona kwenye yai lako, na nyuso za katikati zinarudisha kivuli cha kichwa chako badala ya kurudisha mwanga. Karibu kila jiwe refu linacho kwa kiasi. Lishike kama sentimita 30 kutoka usoni, ulitikise polepole kushoto na kulia. Kivuli kikivunjika na kuwaka ukilisogeza, hakuna neno. Kikibaki palepale kama waa, liache, hata likiwa limepunguzwa bei.

Uwiano wa urefu kwa upana ni suala la jicho. Mayai mengi yanayopendeza huwa kati ya 1.35 na 1.5, lako la 8 kwa 6 ni 1.33, nono kidogo. Dau huwa karibu na 2. Tone, ambalo ni duara upande mmoja na ncha upande wa pili, hukaa karibu na 1.5, na likague kama ncha imekaa katikati hasa, maana kosa la nusu milimita huonekana. Mraba wenye kona kali na moyo sitavieleza sana. Mchumba wako hapendi maumbo hayo.

Sasa kazi yake. Muuguzi anavaa na kuvua glavu mara nyingi kwa siku, na hilo lina uzito kuliko mambo mengi niliyoyataja. Pete iliyonyanyuka juu ya vikucha virefu itachana glavu na kunasa nguo. Ncha za dau, tone na kona za mraba ndizo dhaifu kuliko sehemu zote za jiwe, kwa sababu pale kitu chembamba kinapokea pigo lote. Hata almasi, ambayo ni ngumu kuliko mawe yote kwa kukwaruzwa, hupasuka ikigongwa vibaya kwenye ncha. Dau lazima lishikwe na vikucha vya umbo la V kila upande, na bado litanasa. Kwa mkono wake, ningechagua yai lililokaa chini na kuzungushiwa ukingo mzima wa dhahabu. Ukingo unaficha mshipi usigongwe, unapita kwenye glavu bila kunasa, na umbo linabaki refu kama anavyopenda. Wakati wa kazi penyewe afuate utaratibu wa hospitali yake. Nyingi hazitaki pete yenye jiwe mbele ya mgonjwa.

Je, tsavoraiti itahimili? Ugumu wake ni kati ya 7 na 7.5, na vumbi la kawaida lina chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo baada ya miaka kingo za nyuso zinaweza kulainika, na siku moja jiwe kung'arishwa upya. Tanzanaiti, iliyo kati ya 6 na 7, ingechakaa mapema zaidi, na sipendekezi kwa pete ya kila siku. Tsavoraiti ina sifa ambayo rubi na zumaridi nyingi hazina: kwa kawaida haichomwi wala haipakwi mafuta kuboresha rangi. Adui yake ni joto la ghafla. Mwambie sonara amalize kuchomelea pete kabla jiwe halijaingia, na kama siku moja pete itapanuliwa, jiwe litolewe kwanza.

Angalia pia sonara asiifunge sehemu ya chini ya pete kwa bamba la dhahabu, wala asitie karatasi ya kung'aa chini ya jiwe. Zote mbili huficha dirisha siku ya kwanza. Kisha unyevu wa Mombasa unaingia, karatasi inaiva weusi, na jiwe linazimika. Chini pabaki wazi, ili mwanga uingie na mswaki ufike. Mafuta ya nazi, losheni na sabuni vikiganda kwenye kitako hubadili ule mpaka wa kurudisha mwanga, na hata jiwe lililokatwa vizuri huonekana na ukungu. Maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini kila wiki mbili vinatosha.

Ukienda kutazama mawe, yaoshe au yafute kwanza, kisha toka kwenye taa za duka. Taa zile ndogo nyingi hufanya kila kitu kimete, hata kioo. Simama kivulini karibu na mlango, jua lisikupige, na ulitazame jiwe likiwa juu ya karatasi yenye maandishi. Ukisoma herufi katikati ya jiwe la rangi, umeliona dirisha. Kisha lipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kina kwa upana, na uangalie mshipi kwa lenzi ya kukuza mara 10: usiwe mwembamba kama wembe mahali popote, wala mnene kama ukingo wa sarafu.

Kuna jambo moja ambalo kidole na kalipa haviwezi: kukuhakikishia jiwe ni nini. Umbo halithibitishi kitu. Kioo cha kijani hukatwa yai zuri pia. Kabla ya kulipa, jiwe likaguliwe na mtaalamu wa vito mwenye vifaa, asiye muuzaji wake. Serikali ina kituo cha vito Voi, na treni inayosimama vituoni kutoka Mombasa inafika huko. Mwombe dalali leseni ya biashara ya madini, inayotakiwa na Sheria ya Madini ya 2016, na risiti iliyoandika jina la jiwe, uzito na vipimo. Akikwepa kuandika, usinunue.

Ukitaka kubaki na 8 kwa 6, mwombe dalali akutafutie yenye kina kisichopungua 3.7. Litakuwa na karati 1.3 hivi, na bei itapanda kwa uso uleule. Au mwulizie ya 7 kwa 5 yenye kina 3.1: ni karibu karati 0.8, uzito uleule ambao ungebaki nao baada ya kulikata upya hilo la kwanza, na utakuwa hujalipia vumbi.